Minazi Tisa Ndani ya Kuta za Watu

Haya aliniambia mwenyewe mwenye minazi, mwaka juzi wakati wa mvua, tukiwa kwenye benchi la hospitali tunangoja zamu, yeye na nyonga yake, mimi na macho yangu. Nesi alikuwa ametoka kunywa chai, na chai yenyewe sijui ilikuwa inachemshiwa wapi, maana hakurudi mpaka hadithi imekwisha. Naiandika kama alivyonipa.

Watu humwita Bi Tisa. Jina la kuzaliwa analo, lakini limelala sandukuni na cheti chake. Tisa ni idadi ya minazi aliyoachiwa na baba yake.

Baba yake alikuwa na shamba. Si lile la kusema nina mashina yangu mawili matatu nyuma ya jiko, la hasha. Shamba la minazi mia sita na ushei, lililoanzia kwenye tanuri la kukaushia nazi ziwe mbata huku juu, likashuka mpaka barabara ya malori kule chini. Aliipanda kwa kamba. Mnazi na mwenzake, hatua kumi na moja. Mstari na mwenzake, hatua kumi na moja. Mzee alipenda kunyooka kupita kiasi, hata kitanda chake alikipimia katikati ya chumba. Mche ukichipua pembeni kidogo, aliung'oa akaupanda upya. Wafanyakazi walikuwa wakisema, simama kwenye kichwa cha mstari, fumba jicho moja, utaona shina moja tu. Mengine yote yamejificha nyuma yake kama watoto wamevunja sahani.

Alipoona kifo kinamkonyeza, aliandika karatasi. Ardhi ni ya mwanawe wa kiume. Binti apewe minazi tisa, ile iliyozaa kuliko yote, mitatu mstari wa nne, mitatu mstari wa saba, mitatu mstari wa kumi. Ardhi iliyo chini yake hapana; miti tu. Akaandika hivi: maadamu hata shina moja limesimama, binti yangu asikose pa kulala katika ardhi hii. Shina likianguka, mche ukapandwa katika shimo lile lile, fungu lake linaendelea. Mashina yakiisha na mashimo yakawa matupu, fungu limekwisha, asimdai mtu.

Ili isichanganywe na mingine, aliivisha mabati yake. Kila mnazi wa shamba ulikuwa na ukanda wa bati kiunoni, panya akipanda kufuata vidaka, zile nazi changa, ateleze arudi alikotoka. Mabati ya shamba zima yalikatwa kwenye madebe ya mafuta. Ya binti yalikatwa kwenye makopo ya biskuti, yenye maua ya waridi. Na misumari akapiga ya shaba, mitatu mitatu, safu moja iliyonyooka, maana alisema chuma kinaoza na binti yangu haozi leo wala kesho.

Sasa kaka yake Bi Tisa hakuwa mtu wa nazi. Alikuwa mtu wa watu. Akiombwa kipande, hawezi kusema hapana. Akaanza na pembe ya duka, ikafuata pembe ya kanisa na ya msikiti, kila mtu apate pake, kisha mistari mizima mizima. Kila aliyenunua aliambiwa: humo ndani mna mnazi wa dada yangu, mkwezi akija mfungulie. Wa kwanza walifungua. Waliouziwa na hao wa kwanza waliambiwa nusu. Na waliokuja baadaye hawakuambiwa kitu, walikuta ukuta na geti na kengele. Ndani ya miaka ishirini na tano shamba likawa mtaa, na mitaa midogo midogo ikapewa majina ya Minazini na Makutini na Mbata, kama mtu anayempa mtoto jina la marehemu aliyemla mwenyewe.

Bi Tisa aliishi kwenye pembe ya mwisho, chumba kilichokuwa stoo ya nazi, ubavuni mwa tanuri. Miaka ishirini na miwili iliyopita alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hakwenda tena kukagua minazi yake. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na mkwezi.

Huyo mkwezi watu humwita Popo kwa vile amekaa juu kuliko alivyokaa chini. Ni mzee sasa, mdogo kwa Bi Tisa kwa miaka michache, magoti yameanza kulia kama bawaba. Kila baada ya miezi mitatu hufika na baiskeli, magunia mawili nyuma, na habari. "Wa nne anakusalimu, dada. Kazaa nazi ndogo ndogo lakini maji sukari tupu. Wa nane kavimba kichwa mwaka huu, nazi kama mafuvu." Bi Tisa anamtolea ujira wake, nazi mbili kwa kila mti, anazobaki nazo anauza na kutumia. Na akikaa mlangoni aliona vichwa viwili vya minazi vikipepea juu ya mapaa. Wa nne na wa tano hao, alijiambia. Mtu ana mali yake, anaiona, inamsalimu. Ataomba nini tena?

Basi kaka akafa. Mwanawe akarithi kilichobaki, nacho kilikuwa kile kipande cha tanuri na stoo. Kijana huyo wanamwita Injinia. Hakusomea uinjinia hata siku moja. Alikuwa na mashine ya kufyatua matofali, na kila aliyekuja kununua alimwita Injinia ili apunguziwe bei. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka.

Asubuhi moja alimkuta shangazi yake anafagia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Asubuhi yote hii una shida au una habari?"

"Nina vyote viwili." Akavuta kigoda. "Hiki kipande nimepata mtu. Mwanasheria wake kasoma karatasi ya babu mpaka mwisho, neno kwa neno. Anauliza, minazi ipo?"

"Ipo."

"Yote tisa?"

"Wiki iliyopita nimekula nazi za wa nne. Wa nne humjui wewe, mwenye nazi ndogo?"

"Shangazi, mimi nazi nazijua zikiwa dukani." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Kesho anakuja mpimaji. Ukimwonyesha hata mnazi mmoja, mmoja tu, pembe hii na chumba chako vinakatwa, vinaandikiwa hati kwa jina lako. Mwanasheria kakubali na mimi nimekubali. Ukikosa hata huo mmoja, karatasi ya babu imekufa, unahama. Kule kwangu chumba chako kipo. Ghorofa ya tatu, kina feni."

"Nyonga yangu na ghorofa ya tatu zimejuana lini?"

"Kuna lifti."

"Inapanda?"

Injinia akatazama viatu vyake.

"Haya," akasema Bi Tisa, "mwambie huyo mpimaji avae viatu vya kutembea. Tisa si moja."

Jioni ile alimpigia simu Popo aje awaongoze. Popo akasema ana homa. Hilo lilimshangaza, maana mchana alikuwa amempita kwa baiskeli akipiga mluzi, na mwenye homa hapigi mluzi. Lakini aliliacha. Minazi ni yake, na ramani ya baba iko miguuni mwake.

Mpimaji alikuwa binti mwenye kofia pana, kabeba begani chombo cha miguu mitatu, na mkobani ramani kuukuu ya shamba iliyokunjwa mpaka imechoka. Wakaanzia mlango wa tanuri: Bi Tisa mbele na mkongojo, mpimaji nyuma yake, Injinia nyuma kabisa akiongea na simu. Bi Tisa alifunga macho kidogo, akageuka kushoto, akaanza kuhesabu. Kuta zilimkata. Alikwenda hatua ishirini na mbili akakuta ukuta, akakunja kulia hatua saba, akazirudisha zile saba upande wa pili, akaendelea. Kichwani alishika hesabu mbili kwa pamoja, ya mguu na ya mstari. Mchukuzi wa mayai hatembei kwa uangalifu ule.

"Hapa," akasema. "Wa kwanza wa mstari wa nne."

Palikuwa na saluni. Aliingia bila kubisha. Msusi alikuwa ameinamia kichwa cha mteja chenye povu.

"Karibu mama, unasuka au unaosha?"

"Natafuta mnazi wangu."

Msusi akamtazama, akamtazama Injinia mlangoni. "Mnazi gani, mama?"

"Wenye bati la maua. Unasimama hapo." Akaonyesha kwa mkongojo.

"Hapo ni sinki, mama. Mimi nimekuta sinki."

"Na kabla ya sinki?"

"Kabla ya sinki sikuwepo." Mteja aliyeinamishwa akauliza toka ndani ya povu, "Kuna nini? Wanabomoa?" na msusi akamsukuma kichwa chini: "Tulia wewe, sabuni itakuingia machoni."

Bi Tisa akatoka. Akajilaumu: nimekosea hatua, nyonga inavuta mguu wa kushoto. Akarudi kona ya ukuta, akahesabu upya. Akafika kwenye sinki lile lile. Msusi akampungia mkono.

Wa pili ulimpeleka kwenye ua wa mstaafu mmoja, mtu mwenye pajama na redio, na mbwa wa kelele nyingi meno machache. Huyu alikumbuka.

"Mnazi? Ulikuwepo. Umeanguka... miaka kumi na mmoja sasa. Ulilala juu ya paa la jirani, tukanuniana mpaka alipohama."

"Huo siyo," akasema Bi Tisa. "Wangu ni wa pili wa mstari wa nne, na bado unazaa. Wiki iliyopita nimekula."

"Umekula mnazi ulioanguka miaka kumi na mmoja?"

"Nimekula nazi zake."

"Basi ziliiva polepole," akasema mstaafu, na mbwa akabweka kana kwamba kaelewa.

Injinia hakucheka. Alimshika shangazi yake kiwiko. "Shangazi, jua hili. Umechoka."

"Sijachoka. Nimepotea mstari, basi."

Lakini ule wa tatu walikuta pa kuoshea magari, sakafu ya zege na matope ya sabuni. Mstari wa saba, wa kwanza wake, ngazi za nyumba ya ghorofa. Wa pili wake, lami tupu katikati ya barabara, na gari likampigia honi akiwa amesimama pale anatazama chini, anatazama juu, kama mtu aliyeangusha kitu kirefu. Kila hatua kumi na moja zilipomalizika palikuwa na jambo lingine. Akaanza kuogopa. Hakuogopa minazi kutokuwepo, hilo halikuwa limemwingia bado. Alijiogopa yeye. Kama minazi ipo na mimi siioni, niko wapi? Miaka mingapi nimekuwa nikijua kitu ambacho sikijui?

Ndipo akaona vile vichwa viwili vinapepea, karibu kabisa, nyuma ya ukuta mweupe.

"Wale! Si niliwaambia? Wa nne na wa tano!"

Ilikuwa nyumba ya wageni. Mlinzi akawafungulia. Minazi miwili ilisimama mbele ya mapokezi, imezungushiwa taa ndogo ndogo, minene, mirefu, safi kama imenyolewa.

"Hii nani kaipanda?" akauliza Bi Tisa.

"Haikupandwa hapa, bibi. Imeletwa na lori ikiwa hivi hivi na kichwa chake. Winchi ikashusha."

"Mnazi umeletwa na lori."

"Na karatasi zake. Ukitaka wakuletee na wewe."

Bi Tisa aliketi kwenye ngazi za mapokezi. Mlinzi akamletea maji. Sasa mambo yalikuwa yamechanganyika kupita uwezo wake wa kuyachambua: aliyoijua imekuwa sinki, aliyoiona imekuja kwa lori, na nazi alizokula zimetoka kwenye mti ulioanguka.

"Injinia," akasema polepole, "mimi ni mzima?"

"Mzima, Shangazi. Ni uzee tu."

"Hilo ndilo nililouliza."

Mpimaji hakuwa amesema neno asubuhi nzima zaidi ya samahani na asante. Sasa alikunjua ile ramani kwenye ngazi, akasimamisha chombo chake, akachungulia, akaandika, akaenda kule barabarani, akarudi. Muda ulikwenda. Halafu akachuchumaa mbele ya Bi Tisa.

"Bibi, hatua yako moja sentimita ngapi?"

"Mimi na sentimita wapi na wapi, mwanangu."

"Nauliza kwa sababu nimekufuata toka tanuri. Sinki la saluni liko juu ya alama ya mnazi kwenye ramani. Ua wa yule mzee, juu ya alama. Pa kuosha magari, juu ya alama. Kule barabarani ulikosea kwa upana wa kiganja." Akakunja ramani. "Hujapotea hata mara moja. Mimi na chombo changu ndio tunakufuata wewe."

Bi Tisa alipaswa kufurahi. Badala yake akahisi baridi. Maana kama yeye hakupotea, basi minazi ndiyo iliyopotea.

"Imebaki mingapi?" Injinia akauliza, naye sauti imeshuka.

"Minne."

Mitatu ya mstari wa kumi ilikuwa ndani ya ukumbi mmoja wa sherehe, yote, sakafu ya vigae inayong'aa. Ukabaki mmoja, wa tatu wa mstari wa saba. Hesabu yake iliwafikisha kwenye shule ya chekechea. Siku ile haikuwa ya masomo. Mwalimu alikuwa uani peke yake anaanika mikeka. Bi Tisa akafungua mdomo aulize, asiulize.

Mnazi ulikuwa pale. Kiunoni una bati, na kwenye bati waridi, nyekundu imefifia lakini waridi.

"Huo hapo!" akapiga kelele Injinia. Wallahi alishangilia kuliko yeye. "Huo hapo, Shangazi! Bati la babu! Mwalimu, mnazi huu wa nani?"

"Nimeukuta," akasema mwalimu. "Kuna mzee mmoja wa baiskeli huja kuukwea. Anasema wa dada yake."

"Basi yameisha!" Injinia alikuwa tayari ana simu mkononi. "Mmoja tulisema, mmoja tumepata. Pembe yako hiyo, Shangazi, na chumba, na kufagia kwako."

Bi Tisa alikuwa ameweka kiganja juu ya shina. Shina lilikuwa jembamba. Makovu ya makuti yalikuwa bado mapana, ya mti kijana. Wake ungekuwa na umri wake mwenyewe. Akatazama misumari. Ilikuwa ya chuma, inatoa kutu, minne, na imekwenda upande kama meno ya utotoni. Kisha akageuka akatazama pale ambapo miguu yake ilikuwa imemwambia asimame. Palikuwa na tangi la maji la shule, juu ya msingi wa zege. Toka tangi hadi mnazi, hatua nne.

Baiskeli ikalia getini. Popo aliingia akihema, jasho linamtiririka, hana homa ya aina yoyote. Alimwona Bi Tisa na kiganja chake juu ya bati. Akasimama pale pale, akashika usukani kwa mikono miwili.

Mpimaji alikuwa ameshachungulia na kupima. Akamsogelea Bi Tisa, akasema chini chini ili Injinia na simu yake wasisikie.

"Bibi, mti uko nje ya mstari. Hatua nne."

"Naona."

"Ramani ni ya zamani, imekunjwa sana. Kwa hatua nne naweza kuilaumu karatasi, hakuna atakayeniuliza. Lakini nikisema karatasi imepinda hapa, imepinda na kule. Basi na hesabu yako yote ya leo haina maana, sinki siyo, barabara siyo." Akafungua kalamu. "Niandike nini?"

Bi Tisa aliniambia kwamba pale ndipo alipochanganyikiwa kuliko asubuhi nzima. Mti ukiwa wake, chumba ni chake, na yeye ni kikongwe aliyetembea mtaani akihesabu hewa, na kila alichokijua tangu utoto kimepinda. Hesabu ikiwa kweli, yeye ni mzima wa akili na hana pa kulala. Alitamani vyote viwili viwe kweli. Alijaribu kuvisimamisha pamoja kichwani, kimoja kikasimama kingine kikaanguka, akakiinua, cha kwanza kikaanguka. Alimtazama Popo apate msaada. Popo akatazama tairi la mbele.

"Baba yangu hakupanda mnazi nje ya mstari," akasema mwishowe, kwa sauti ya watu wote. "Andika ulichopima."

Injinia akashusha simu. "Unasema nini?"

"Mti huu si wangu. Wangu ulikuwa kwenye tangi."

"Shangazi! Mimi nimeshakubali! Bati hili hapa, maua haya hapa! Nani kakuuliza?"

"Kaniuliza huyu."

"Ungenyamaza tu! Kunyamaza kunahitaji shule?"

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Mwanasheria, ambaye alikuwa amesikia yote, akauliza kwa sauti ya bati: shimo ni lile lile? Injinia alimtazama shangazi yake, akampa nafasi ya mwisho kwa macho, mpaka macho yakachoka. Akajibu, si lile. Basi, ikasema ile sauti, hakuna la kujadili. Mwisho wa mwezi mahali pawe wazi.

Injinia alitaka kumrudisha kwa gari. Alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alisema anataka kwenda na mgonjwa wa homa. Popo akamkalisha nyuma ya baiskeli, mahali pa magunia, akawa anaisukuma akitembea kwa miguu. Pale saluni msusi akapaza sauti, "Mama, umeupata?" na Bi Tisa akajibu, "Nimepata sinki."

Nyumbani Popo alitandika mkeka mlangoni, akakaa na magoti yake yakalia. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Homa imepoa?"

"Imepoa, dada."

"Wa kwanza kuanguka ulikuwa upi?"

"Huo huo wa shule. Kabla ya shule. Upepo." Akafuta uso kwa kofia. "Nikaja kukwambia siku ile ile. Nikakukuta umerudi tu toka hospitali, mguu umefungwa unaning'inia, na kabla sijakaa ukaniuliza, 'Minazi haijambo?' Nikasema haijambo. Ndiyo hivyo tu, dada. Ukishasema wa kwanza hajambo, wa pili utamtangazaje msiba?"

"Na nazi nilizokula?"

"Ujira wangu. Ninapokwea majumbani wananipa mbili mbili. Nikizikusanya, ndogo nasema za wa nne, kubwa nasema za wa nane."

Bi Tisa akapiga hesabu kwa vidole juu ya paja. "Na mimi nikawa nakupa mbili mbili kwa kila mti."

"Ndiyo."

"Yaani unanipa nazi zako, nakulipa kwa nazi zako, halafu unaniambia ahsante."

"Ahsante ilikuwa ya kweli," akasema Popo.

Alitaka kumpiga na mkongojo. Aliushika kabisa. Halafu kicheko kikamshika kabla ya hasira, akacheka mpaka nyonga ikauma, na alipomaliza kucheka aligundua uso umelowa, na hakujua maji yale ni ya kicheko au ya nini. Miaka ishirini na miwili alifikiri yeye ndiye mwenye mali na huyu ndiye kibarua. Na kama huyu asingemdanganya, angejua mapema, angepanda mche kwenye shimo la mmoja, hata mmoja tu, kabla zege halijamwagwa. Basi amemlisha au amemnyang'anya? Kila alipolishika jibu liligeuka mkononi.

"Kama ungeniambia," akaanza.

"Najua, dada." Popo alijinyoosha kwenye mkeka, kofia machoni. "Nimekuwa najua kila siku."

"Kule juu ghorofani baiskeli haipandi."

"Nitapanda mwenyewe. Ngazi ni nini."

"Na huo mche, ulitoka wapi?"

"Nazi ya huo ulioanguka. Ulipofaa kupandwa, wajenzi wa shule walikuwa wameshakalisha tangi shimoni, nikasogea kidogo." Maneno yalikuwa yanamlemea sasa, yanatoka moja moja. "Bati nikalitoa kwenye gogo."

"Basi ni mtoto wa wangu."

"Mmh."

"Umepandwa na wewe. Kwenye ardhi ya shule. Na bati la baba yangu. Sasa Popo, ule mti ni wa nani?"

Popo alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, mikono kifuani imeshikana kama bado imekumbatia shina. Bi Tisa alimwekea upande wa khanga miguuni kwa ajili ya nzi. Akajaribu kulijibu mwenyewe. Wa shule, kwa sababu ya ukuta. Wa Popo, kwa sababu ya mkono. Wangu, kwa sababu ya nazi. Halafu akaanza tena toka mwanzo, maana alihisi kuna mahali ameruka, akafika kwenye mkono, akasahau kilichofuata. Kichwa kikaegemea mwimo wa mlango. Akasema atalimaliza akishapumzika kidogo, akafumba macho, na usingizi ukamchukua.